Mama Mkwe na Tangi la Samaki

Mama mkwe wangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, daktari alisema asirudi kwake Kalimoni mpaka aweze kutembea bila kushikwa. Mke wangu, ambaye ni muuguzi Thika, akamleta kwetu Ruiru, akakaa naye siku chache za ruhusa, kisha akarudi kazini. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Binti yetu wa pekee alikuwa chuoni, mbali. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni tulibaki wawili nyumbani, mimi na mama mkwe.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe ugumu wa jambo hilo. Mama na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukaa mbali. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa namsalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, namuuliza habari za ng'ombe, ananiuliza habari za shule, basi, kila mmoja anatafuta mlango wake. Hakuwahi kula mbele yangu. Sasa ikawa naweka chakula cha mchana mezani, nakohoa ili ajue kipo, halafu natoka nje. Nikirudi nakuta sahani imeoshwa na mlango wa chumba chake umefungwa. Hata redio niliogopa kuiwasha.

Nadhani ndiyo sababu nikaikumbuka kazi ya tangi. Fundi wa vioo alikuwa amenitengenezea tangi refu la samaki, nalo lilikuwa limekaa sebuleni tupu muda mrefu hata mke wangu akazoea kuweka nguo za kupiga pasi juu yake. Nilitaka kufuga sikilidi, wale samaki wadogo wa Ziwa Malawi wenye rangi kali za manjano na buluu. Kwao wanaishi miambani. Bila mawe hawana raha. Kila mmoja anataka pango lake na mpaka wa kugombania. Nikanunua mawe ya mtoni kutoka kwa wauza maua wa kando ya barabara, nikakaa uani kuyasugua.

Nikasikia magongo yakigonga sakafu, polepole, mpaka mlango wa nyuma.

"Mwalimu," mama mkwe akasema, "hayo mawe yamekosa nini?"

Nilicheka kabla sijakumbuka heshima.

"Ni ya samaki, mama. Nataka kuwajengea nyumba."

"Samaki wa kula?"

"Wa kutazama tu."

Watu wa rika lake huku kwetu hawakukua wakila samaki, sembuse kukaa chini kuwatazama. Akayaangalia mawe yangu, yote laini, yote ya mviringo.

"Hivyo ni viazi," akasema. "Samaki atajificha wapi kwa viazi? Kwangu kuna mawe yenye pembe na mashimo. Yamevunja majembe yangu mengi. Njoo uyachukue, utakuwa umenisaidia."

Jumamosi mke wangu alipokuwa na nafasi, tukaenda Kalimoni watu watatu. Mama mkwe hakuweza kufika mwisho wa shamba, kwa hiyo alisimama kando ya migomba na kunyoosha gongo. Pale mpakani palikuwa na rundo kubwa la mawe meusi, yamepangwa vizuri kama ukuta uliokatizwa, na nyasi zimeota katikati.

"Maitu, haya si aliyapanga baba?" mke wangu akamuuliza mama yake kwa sauti ndogo. Baba yake alifariki kabla mimi sijamjua.

"Ni yeye."

Nikarudisha chini jiwe nililokuwa nimeshika. Mama mkwe akaniona.

"Beba, mwalimu. Aliyatoa shambani ili yasinisumbue. Hakusema yakae hapo milele."

Jumatatu nikaweka karai la maji moto uani, na brashi. Sabuni haitakiwi, maana huua samaki. Nilikuwa nimeanza tu aliposogeza kiti cha plastiki, akanyoosha mguu mbaya juu ya kigoda na kuniomba brashi ya pili. Tukasugua. Udongo wa Kalimoni ukatoka, maji yakawa kama chai nzito. Bila mimi kumuuliza, akaanza kunisimulia habari za mumewe.

Shamba lile walilipata likiwa kichaka. Mzee alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, kwa hiyo mawe aliyang'oa alfajiri kabla ya kwenda. Kila aking'oa jiwe kubwa anamwita mkewe kama mtu aliyeua mnyama.

"Lazima niache moto nije nitazame," akasema. "Ananiuliza, 'Umeliona?' Namwambia, 'Nimeliona.' Basi, anaridhika, anachukua kofia anaenda kazi. Nikikataa kuja, siku hiyo hanisemeshi."

Alicheka, akasugua, akageuza jiwe akasugua upande wa pili ambao tayari ulikuwa safi.

Saa ya chakula nikaleta githeri yake, mahindi na maharagwe, nikamwekea karibu, nikageuka kuondoka.

"Unaenda wapi?"

"Ndani, mama."

"Leta yako. Itapoa."

Tukala na karai la mawe katikati yetu. Mimi nilitazama ua wa michongoma, yeye akatazama kamba ya nguo, lakini tulikula. Jioni nilipomweleza mke wangu, alivua viatu vya kazi akakaa kitandani. "Umekula na mama?" akauliza. "Na mama yangu?" Kisha akaomba nimwambie tena, tangu mwanzo.

Kupanga mawe kulituchukua siku nzima. Nilitandika plastiki nene chini ili kioo kisipasuke, halafu mawe, mchanga ukaja mwisho. Samaki hawa huchimba kama fuko, na jiwe lililokaa juu ya mchanga wanaweza kuliangusha. Nilijenga upande mmoja, nikasimama kujisifu, na jiwe la juu likateleza likagonga kioo, ko!

"Ngai!" mama mkwe akasema.

Hatukusogea. Kioo hakikupasuka. Nilikuwa na jasho mgongoni, nikataka kuacha mpaka kesho, lakini yeye alikuwa ameshakunja mkono wa sweta. Akaketi kwenye kiti kirefu cha jikoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akalishika jiwe kubwa huku mimi nikipachika madogo pembeni. Mikono yetu iligongana mara nyingi mle ndani, na baada ya muda hakuna aliyeomba radhi. Jiwe moja lenye shimo alitaka lielekee kwenye kochi, si ukutani. Nikaligeuza. Nilipotikisa rundo, halikucheza.

Maji tuliyotumia ni ya kisima chetu, yale yale yanayoharibu chai na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kumbe sikilidi wanayataka hivyo, maji magumu. "Afadhali amepatikana wa kuyapenda," mke wangu akasema.

Lakini samaki hawawekwi siku hiyo hiyo. Maji mapya huwaua. Lazima yakae wiki kadhaa, mashine ya kuyachuja ikinguruma, mpaka vijidudu vya kusafisha uchafu vizaliane. Kila asubuhi nilidondosha chakula kidogo cha samaki ili kioze na kuvilisha.

"Unalisha nani?" mama mkwe akauliza.

"Maji, mama."

"Haiya."

Hata hivyo alihamisha kiti chake, akawa anakaa mbele ya tangi akifanya mazoezi ya goti. Wanawake wa kanisa lake walipokuja kumwombea, walitafuta samaki mpaka wakachoka. Aliwaeleza kwa uzito kwamba maji bado hayajaiva. Kiongozi wao akaomba kwa ajili ya goti, kwa ajili ya nyumba, na kwa ajili ya samaki watakaokuja, wafike salama. Nilisema amina kwa sauti.

Walifika salama. Niliwanunua mtaa wa Landless, kwa dada mmoja anayewafuga chumbani kwake, nikarudi nimepakata mfuko wa maji kama mtoto. Nilipowaachilia, wakaingia maweni mara moja, wote. Tukabaki tunatazama mawe. Mabega ya mama mkwe yalishuka. Nikaenda kupika chai ili nisimtazame.

"Mwanangu!" akaita kutoka sebuleni. "Mwanangu, njoo, njoo haraka!"

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilikimbia na kijiko mkononi. Kwenye lile shimo lililoelekea kochi, kichwa cha manjano kilikuwa kimejitokeza, kinameza maji, kinatutazama.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

Shule zilipokaribia kufunguliwa alirudi kwake, akitembea kwa fimbo moja. Nilihisi nyumba imepanuka vibaya. Nilirudia kuwasha redio, lakini mara nyingi niliizima.

Pasaka akaja kututembelea, akaenda moja kwa moja kwenye tangi kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwa. Jike moja lilikuwa limekataa chakula kwa majuma, taya limevimba. Samaki hawa hubeba mayai na watoto mdomoni. Asubuhi hiyo lilikuwa limewaachilia. Sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe. Ilichukua muda, maana walikuwa wadogo kama punje za mtama, wakitetemeka katikati ya mawe.

"Wui," akanong'ona, akashika mkono wangu. Mke wangu akaja, akapiga magoti kati yetu, na kila mmoja akawa anamwonyesha mwenzake samaki wake: yule pale, hapana, nyuma ya yule, yule mwenye haraka. Hakuna aliyekumbuka jikoni mpaka harufu ya maharagwe yaliyoungua ilipotufikia. Mke wangu aliinuka nusu, akatazamana na mama yake, akakaa tena.