Bafle ya Kushoto

Nimechoka kuchagua bafle. Nalisema hili mapema ili usidhani nimekaa hapa kuringia mali. Bafle ndizo spika, zile mbili zinazokaa huku na huku ya ampli, na katika mtaa wetu wa Kalemie ukiwa nazo si zako peke yako. Ni za kila mwenye matanga. Akifa mtu wanakuja kuazima muziki kabla hata ya kuazima viti, na ukikataa, siku yako nani atakuja? Tena mwenye haya hachukui zote mbili. Anabeba moja, anakuachia moja, na anaondoka akiamini amekutendea haki.

Kwa miaka mingi hilo halikunisumbua. Nilifanya kazi bandarini, na muziki kwangu ulikuwa wa Jumapili mchana, rumba za zamani, basi. Kisha mke wangu akafariki.

Aliimba sauti ya pili katika korali ya parokia. Sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu, iliyorekodiwa kanisani na padre mgeni kwa mikro mbili, moja mbele ya wanawake waliosimama kushoto, moja mbele ya wanaume waliosimama kuume. Binti yetu aliihamishia kwenye flashi, akaniletea. Nikakaa, nikasikiliza, sikumsikia mama yake. Nilisikia wanaume wakinguruma, na wanawake kwa mbali, kama wako kwa jirani. Nililia siku ile. Nilidhani kanda ndiyo imemmeza.

Kumbe bafle yangu ya kushoto, ile inayotoa sauti ya mikro ya wanawake, ilikuwa imerudi kutoka matanga fulani ikiwa imepasuka ngozi, nami nikaipaka gundi nikasahau; ilibaki kunong'ona tu. Miezi yote nilikuwa nasikiliza nusu ya korali, ile nusu asiyokuwamo.

Ndipo nikaanza kutafuta bafle nzuri, nzuri kweli. Muuzaji wa kwanza pale sokoni aliweka muziki wake mwenyewe, akafungua sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Papa, sikia! Hii njo inapiga!" Ilipiga, siwezi kubisha, hata suruali yangu ilitikisika. Nyumbani besi ikawafunika wanawake wote kama blanketi. Nikazirudisha kwa ugomvi, nikachukua nyingine za muuzaji wa pili. Hizo zilikuwa na sauti kali ya kuchoma masikio. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nachagua kwa nyimbo za wauzaji, na wauzaji hawakumfahamu mke wangu.

Mwishowe nilimwendea mama mmoja anayevuka ziwa kwenda Kigoma kununua bidhaa. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza swali la maana.

"Papa, wewe unasikilizaka nini?"

Nikamweleza: korali, sauti za wanawake, gitaa la polepole. Sitaki kutikisa ukuta. Nataka kumjua mtu mmoja katikati ya watu arobaini. Akasema, "Basi usinunue mbele ya kusikia na flashi yako." Baada ya safari mbili akaniletea mbili za mbao, ndogo, nzito kama mawe, zilizokwisha kutumika Ulaya. Tukaziunganisha ndani ya depo yake, kati ya magunia ya unga.

Kwanza nikasikia benchi la kanisa likilia. Halafu mtu akavuta pumzi, akaingia kabla ya wenzake. Mke wangu aliingia mapema maisha yake yote. Nilimtania kwa hilo miaka thelathini, kwamba hata mbinguni atafika mlango haujafunguliwa.

"Njo yeye," nikasema. Ndiye. Yule mama akatoka nje, akaniacha na magunia.

Nyumbani, zile za zamani zikiwa zimekwisha kuuzwa, nilizipanga hizi vizuri, mbali na ukuta, kiti changu katikati. Nikishamaliza kusikiliza nazifunika kwa kitenge, majirani wasizione. Ndiyo, nilificha. Nilikuwa na haki ya kuficha. Wiki tatu nilikuwa mtu mwenye amani.

Kisha jirani wa nyumba ya tatu akafiwa na kaka yake. Alikuja mwenyewe mchana, macho mekundu, akasimama mlangoni.

"Papa, tuko na matanga. Tunaomba bafle moja tu. Ya pili ubakie nayo."

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia zimeharibika. Nilitaka kumuuliza nani alimwambia kwamba nusu ya kitu ni kitu. Lakini bega lake ndilo lililobeba jeneza la mke wangu kupanda kilima, mvua ikinyesha, na matanga yetu yalikuwa na muziki wa kuazima kwa watu. Nikakivuta kitenge.

"Nichukue gani?" akauliza. "Si zote ni sawa?"

"Chukua ya kuume," nikasema.

Ilipoondoka nilikaa kwenye kiti changu, nikiwa nimechoka hata kukasirika. Nikawasha ile ya kushoto peke yake. Wanawake walianza, yeye mapema, safi kuliko siku zote. Wakafika mahali wanaponyamaza ili wanaume wajibu, na wanaume hawakuwapo. Ilikuwa kimya tu, na ndani ya kimya kile nilisikia pumzi zao, na yake, wakingoja. Mstari wa pili, vilevile. Sikuweza kuvumilia kumwona anangojeshwa namna ile. Mimi ambaye korali ilinikataa siku ya kwanza, ambaye yeye mwenyewe alinikataza kuimba nyumbani, nikajibu sehemu ya wanaume kwa sauti yangu mbovu. Naye akaingia tena, mapema, kabla sijamaliza.