Sumaku za Spika

Walimwita Bi Taratibu, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kazi yake kwenye maabara ya vinasaba hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Kazi yenyewe aliipenda. Alikuwa na chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, zilizovishwa gamba jembamba. Ukizitia kwenye damu iliyokwisha kulainishwa kwa dawa, vinasaba vinang'ang'ania gamba lile. Ukiweka sumaku ubavuni mwa kichupa, chembe zinavutwa hapo pamoja na vinasaba vilivyozing'ang'ania. Unaobaki ni uchafu wa kumwaga.

Asubuhi moja ikaletwa damu ya kichanga wa kiume. Alikuwa na ngiri iliyotaka kupasuliwa, lakini mjomba wake ana ugonjwa wa damu isiyoganda, na daktari alikataa kushika kisu kabla ya kujua kama na mtoto anao. Walimtoboa kisigino mara moja, wakapata matone manne. Kumtoboa tena hakuna aliyetaka.

Bahati mbaya, siku hiyo hiyo sumaku ya maabara ilidondoka ikapasuka vipande. Bi Taratibu akampigia mumewe, fundi redio.

"Baba watoto, una sumaku kali?"

"Umeanza kuvuta waume wa watu?"

"Mmoja ananitosha, na bado hajamaliza kuniudhi. Lete."

Akaja na tatu alizozing'oa kwenye spika mbovu. Bi Taratibu hakuigusa damu ya mtoto. Alijitoboa kidole, akajaribu kwanza kwa damu yake. Mara ya kwanza nusu ya chembe zilikwenda na maji. Akabandika sumaku mbili pamoja, akasubiri zaidi, zikashika. Ndipo akayachukua yale matone manne. Chembe zikajipanga ubavuni mwa kichupa, mstari mwembamba kama wanja. Akaziosha kwa spiriti, akaziacha zikauke, akatia maji kidogo, vinasaba vikaachia, akavipeleka kwenye mashine ya kuvipima.

Kesho yake majibu yakatoka: mtoto hakurithi ile kasoro ya damu. Daktari alimweleza mama, lakini mjomba, jitu zima lenye goti lililovimba kwa ugonjwa ule, alichechemea mpaka maabara kuhakikisha.

"Kwa hiyo mpwa wangu anaweza kuanguka kama watoto wengine?"

"Aanguke mpaka achoke," alisema Bi Taratibu.

Mjomba akaketi pale pale kwenye benchi, akacheka huku machozi yakimtoka. Alhamisi mtoto alipasuliwa salama, na alipozinduka alidai ziwa kabla mama yake hajafika kitandani.