Zote, Isipokuwa Laini

Théogène Twagirimana ni seremala wa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na sijapata kuona mtu mwenye kushuku kama yeye. Ukimsalimia kwa furaha asubuhi, anajiuliza unataka kuazima nini. Mkewe akimwongezea nyama kwenye sahani, anamtazama kwanza usoni. Nikimtania, hunijibu kwamba kule kwao Masisi, walioamini kila walichoambiwa hawapo tena wa kusimulia. Hapo mimi hunyamaza, maana najua alishuka vipi kutoka milimani na aliwaacha akina nani nyuma. Lakini kushuku hata mchuzi, jamani, huko ni kuzidisha.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepona kwenye macho yake: Paul Harelimana, fundi redio, mpole, mwenye kucheka taratibu. Kila Jumapili baada ya misa walikwenda pamoja Katindo, kwenye uwanja ulio nyuma ya baa moja, kucheza petanki. Ni mchezo wa kurusha mipira ya chuma, bule, ili ikae karibu na kidude kidogo cha mbao kiitwacho koshone. Wanacheza wawili wawili. Harelimana alikuwa wa kupiga bule za wapinzani na kuzifukuza, Théogène wa kutuliza zake karibu. Miaka yote hiyo Théogène alichezea bule za Harelimana, na sidhani kama aliwahi kufurahia kitu kingine duniani kuliko zile Jumapili.

Basi siku moja Harelimana akamwambia, mbele yangu, "Théo, tafuta bule zako weye mwenyewe. Haifae kila siku utegemee zangu."

Théogène aliduwaa. "Juu ya nini? Nimeziharibu?"

"Hapana. Mutu anapaswa kuwa na zake. Na kwa hii terrain yetu ya mawe, beba laini. Usisahau: laini."

 Tuliporudi kwenye karakana ya Théogène ndipo alipolipuka. Uwanja wetu, kama mji mzima wa Goma, umekaa juu ya mawe meusi ya volkeno, changarawe kali inayokula soli za viatu. Kila mchezaji pale anatumia bule zilizochongwa mistari ili zishike. Bule laini, nyororo kama yai, ingeteleza moja kwa moja hadi ukutani. Harelimana alilijua hilo kuliko sisi wote.

"Sasa ananiambia nibebe laini," Théogène alisema. "Anataka nichekwe. Anataka kuniacha."

Nilimwambia aache upuuzi. Ndipo akanieleza alichokuwa amekificha: mara mbili alimkuta Harelimana akinong'ona na Olivier, yule mwendesha pikipiki mwenye mkono mzuri, na mara zote mbili walinyamaza alipowakaribia. Mashindano ya mitaa yalikuwa yanakuja. Harelimana alikuwa anatafuta mwenzake mpya, basi. Nakiri hata mimi lilinikaa kichwani kidogo. Kushuku ni ugonjwa wa kuambukiza, ukikaa nao ukuta kwa ukuta unaupata tu.

Anayeuza bule mjini kwetu ni mama mmoja, Charline, anayeziagiza pamoja na raketi na nyavu. Théogène alinichukua niwe shahidi. Hakusalimia vizuri, akasema tu, "Mama, nionyeshe zote, isipokuwa laini."

"Laini hutaki hata kuziangalia?"

"Hata kuziangalia."

Charline akaondoa seti kadhaa kwenye meza, akabakiza moja, ina mistari, inang'aa. Théogène akatoa msumari mfukoni. Akaikwaruza bule moja kwa nguvu zake zote, nayo haikupata hata alama. Akagonga mbili pamoja, zikalia kama kengele ya kanisa. Akatabasamu, jambo ambalo kwake ni tukio.

"Hizi ndizo chuma," akaniambia. "Alidhani nitalala."

Jumapili akafika Katindo na begi lake begani. Harelimana alifurahi kweli, akasogea kuziangalia, Théogène akalifunga begi. Wakaanza kucheza. Bule ya kwanza iliruka vizuri hewani, ikaangukia jiwe, ikadunda, ikapita koshone, ikaenda kulala chini ya kiti cha mteja. Ya pili ikadunda upande mwingine. Ya tatu sitaki hata kuisimulia. Watu walicheka, na Théogène akageuka, jasho linamtoka, akamnyooshea Harelimana kidole.

"Weye ndiye ulitaka nichekwe hivi! Uliniambia laini ili ziteleze, ili umubebe Olivier. Nimekushika!"

Kicheko kikakatika. Harelimana aliokota bule yake mwenyewe na kumwekea Théogène mkononi. Ilikuwa na mistari, na katikati ya mistari imejaa vishimo na mikwaruzo.

"Laini ya chuma, Théo. Chuma chenyewe kilegee, kiingiwe na mawe. Ikianguka, inatulia. Chuma kigumu kinaruka tu. Sikukuambia habari ya mistari, juu kila mutu anaijua."

Nilimkumbuka Charline akiondoa seti zile mezani, naye Théogène alizikumbuka, niliona usoni. Neno moja, na yeye na Harelimana walilisikia kila mtu kivyake. Lakini bado hakutaka kushindwa. "Na Olivier? Mulikuwa munanong'ona nini?"

Aliyejibu ni Olivier, kwa hasira. "Alikuwa ananiomba nikuchukue weye, muzee! Yeye anaenda Kampala kwa binti yake Umwiza, kukaa kabisa. Anasema bule zake ataenda nazo, na hataki ubaki unaangalia wengine wakicheza. Mi nilikuwa nimekubali."

Alivyosema "nilikuwa", tulielewa wote.

Théogène aliishika ile bule kwa mikono miwili. Sijawahi kumhurumia mtu kama siku ile, ingawa nilitamani pia kumzaba kofi. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Paul. Miaka yote hii. Juu ya nini hukuniambia kama unaenda?"

Harelimana hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Ningekuambia, Théo, ungeniuliza ninakimbia nini."

 Ndilo swali lililokuwa limeshafika kwenye ulimi wa Théogène.