Foleni ya Mwisho kwenye Duka la Ushirika

Sina wa kumlaumu. Aliyejimwagia marashi kisha akaenda kupiga picha kwenye jengo lenye nyuki ni mimi mwenyewe, mtoto wa Singida, niliyelamba asali kabla sijaota meno.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani (mke wangu husema hata jogoo wetu ametembea kuliko mimi), lakini shemeji yangu mpiga picha alipokuja kutusalimia nikaazima kamera yake asubuhi moja, nikapige picha lile duka la ushirika pale Unyambwa, lililofungwa tangu biashara iachiwe huru na sukari ikajaa kila kibanda. Nilitaka picha yangu nikiwa ndani ya kidirisha nilichokipangia foleni ujana wangu wote bila kujua ndani kukoje. Basi nikaiweka kamera nje juu ya kreti, nikaitegesha ijipige yenyewe, nikakimbilia ndani, na marashi yakawafikia wenyeji wa darini kabla sijatabasamu; nyuki wakamiminika nje, wakanijia usoni kupitia kidirishani. Nikajifungia mlango wa chuma, nikabamiza kifuniko cha kidirisha, na kitasa cha mlango kikabaki mkononi mwangu.

Nje nikasikia mbuzi. Kamera ile ndiyo iliyomlisha shemeji, na Jumamosi alikuwa na harusi Kiomboi. Nikaona heri nyuki wote waniume kuliko mbuzi mmoja aiangushe (miguu haikukubali), nikapiga mayowe.

Akaja mwenye mbuzi, jirani yangu Mama Salehe. Akawasha mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukawatuliza nyuki, nikafungua kifuniko.

"Mama Salehe, kamera?"

"Shikamoo kwanza."

Nikaitoa shikamoo kupitia nondo.

"Marahaba. Ninayo shingoni, nzima."

Akaagiza mtaimbo wa kuvunjia mlango, akabaki pale kidirishani ananicheka. Sasa, sisi tulioishi enzi za uhaba tuna ugonjwa mmoja: ukiona mgongo wa mtu mbele ya kidirisha kile unasimama nyuma yake, kuuliza ni baadaye. Akasimama mzee mmoja, akaja mama mwenye kikapu, na kabla mtaimbo haujafika foleni ilikuwa imekata kona.

"Leo wanatoa nini?" mzee akauliza.

"Baba Zuhura," Mama Salehe akajibu bila kugeuka, akininyooshea kidole.

"Kila mtu anapata mmoja?"

"Yupo mmoja tu, tena kavimba."

Mlango ulipong'oka nikapita mbele ya foleni nzima na mdomo kama andazi, nikimshukuru Mungu kwa mbuzi wenye adabu. Tangu siku ile picha namwachia shemeji, na marashi yananisubiri Idi. Mama Salehe akanivisha kamera shingoni, akaziba pua kwa khanga.

"Enzi zile tulipanga foleni tukapata sukari kilo moja. Leo tumepanga tumekupata wewe. Nenda kaoge."