Baba Ongeza na Vitoto vya Samaki

Kwa miaka thelathini na moja alipika katika shule ya bweni. Wanafunzi walimwita Baba Ongeza, kwa sababu hakuna aliyerudi dirishani na sahani tupu akaondoka nayo hivyo hivyo. Alipostaafu, binti yake alimletea tangi la kioo na samaki wawili wa mapambo, angalau ampunguzie mama yake kero ya kuelekezwa jikoni na mumewe.

Jike akazaa vitoto zaidi ya thelathini, vyembamba kama kope. Baba Ongeza akavihamishia kwenye beseni haraka, maana mama yao alishaanza kuvimeza. Kisha akachemsha yai, akachuja kiini kwa kitambaa, akavimwagia kijiko kizima. Mkono uliozoea upawa ungejuaje kipimo kingine?

Asubuhi maji yalikuwa yamechacha, meupe kama maziwa. Vitoto vilivyobaki hai vilikuwa tisa.

Mkewe aliinama juu ya beseni, akatazama kwa muda. "Mzee wangu, tumbo la hiki halizidi jicho lake. Wewe umekipikia bweni zima."

Baba Ongeza alibadilisha maji, akatafuta kijiti cha meno. Tangu siku hiyo huchovya ncha tu kwenye kiini, akaigusisha majini, na chai yake hupoa akihakikisha vyote tisa vimepata. Vikimaliza, vitoto hupanda juu na kufungua vinywa.

"Hakuna kuongeza," huviambia, kisha hugeuka upesi asivione.