Maduara Niliyoyaacha

Mdogo wangu wa kike alikuwa akifundisha chuo kikuu hesabu za uwezekano, zile ambazo mabenki na bima hupimia hatari. Mimi niliishia kidato cha nne, nikawa mtu wa kuhama machimbo. Alipoanza tasnifu yake kuhusu wachimbaji wadogo, alinipa daftari. Niandike kila duara, yaani shimo la dhahabu, limechimbwa siku ngapi na limetoa nini. Bila sura ya takwimu hizo tasnifu isingepita, na bila tasnifu chuo kisingemwongezea mkataba.

Nilizunguka miezi mitatu, kuanzia Masumbwe. Wachimbaji walinitania.

"Karani, huyo dada yako akijua mwamba wa dhahabu ulipo, atuambie sisi kwanza!"

Lakini walijibu, nami niliandika kwa mwandiko wangu wa shule.

Mdogo wangu akaja kwa ndege, nikampokea uwanja wa Ibadakuli. Nyumbani kwa mama alifungua daftari kabla hata ya kunywa uji. Akafunua, akafunua, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Kaka, haya yote yalitoa dhahabu?"

"Yote."

"Yasiyotoa yako wapi?"

"Yameachwa. Ningemuuliza nani pale, vyura?"

Akaficha uso kwa viganja. Akasema daftari linadanganya, atakayelisoma ataamini kila anayechimba hupata. Sikuelewa. Sikuandika uongo hata mstari mmoja.

"Wewe umechimba maduara mangapi?"

"Tisa."

"Yaliyotoa?"

"Nduhu. Hakuna."

Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

"Na humu umeyaandika mangapi?" mdogo wangu akauliza.

Nikalitazama daftari kama la mtu mwingine.

Akachukua kalamu, nikamtajia moja moja. Siku nilizikumbuka vizuri: la kwanza, lile la karibu na Nkome tulikokula dagaa asubuhi na jioni, hata lile lililojaa maji. Ajabu, yote niliyatamani tena. Ila alipouliza kwa nini niliondoka, nilikwama. La tatu niliondoka wenzangu wakisema tumekaribia.

"Niandike nini, Kaka?"

"Andika hajui."

Akaandika hivyo mara tisa. Kisha akasema kesho twende wote, tuwatafute wengine walioacha maduara.

"Tutawapata wapi?"

"Si wewe ndiye unajua wanakokwenda?"

Nilikubali, kwa sababu ya mkataba wake. Lakini nilipokuwa nikifunga begi sikujua hata tupande basi la upande gani.