Betri ya Justus Haikuingia

Leodgar wa Ng'ambo ni seremala mzuri, hilo hata wasiompenda wanakubali. Kasoro yake ni moja tu, hapendi kufanana na watu. Mafundi wenzake wote mtaani wanatumia mashine za njano. Drili, msumeno, zote zinakula betri ya aina moja. Ya fundi mwenzake Justus ikiisha chaji, anachukua ya jirani, kazi inaendelea. Umeme ukikatika, undugu huo ndio unaowalisha.

Siku alipokwenda dukani kwa Thuwaini kununua impakti, ile mashine fupi ya kuzamishia skrubu, Thuwaini alimwekea tatu juu ya kaunta. Ya bluu ilikuwa nyepesi, inafaa kwa kazi za paa. Ya njano ilikuwa ya kawaida, ila betri zake zimejaa mtaani. Nyekundu ilizipita zote kwa nguvu, skrubu ndefu kwenye mninga inazama kama kwenye muhogo. Thuwaini akamwambia mashine ni kama mke, unaoa na ukoo wake, na hii nyekundu hapa mjini haina ndugu. Leodgar akacheka, akasema yeye si mtu wa kuombaomba betri. Akaondoka na nyekundu na betri yake moja.

Bibi Mektilda alipofariki kijijini Tura, bintiye Flavia alimwomba Leodgar atengeneze jeneza, akamweleza na jambo moja: mama hakutaka misumari. Jeneza la mumewe lilipigiliwa nyundo mbele yake, na mapigo yale aliendelea kuyasikia mpaka uzeeni. Leodgar akaahidi skrubu tupu. Wakaenda yeye na Justus, jeneza likiwa nyuma ya pikapu.

Walifika mapema. Mwenye akili zake angekaa na wafiwa akanywa chai. Leodgar akaanza kuonyesha mashine. Akakaza viti vya wageni, akakaza bawaba za mlango wa jiko, wanaume wamemzunguka wanasifu. Akamrushia na Justus kijembe, kwamba ile ya njano saa hizi ingekuwa hoi.

Watu walipokwisha kuaga, katekista akaashiria kifuniko kifungwe. Skrubu ya kwanza ikaingia kwa kelele. Ya pili ikakwama katikati, mashine ikanyamaza. Kijijini umeme ulikuwa umekatika, chaja haikuwa na kazi. Justus akatoa betri yake iliyojaa. Leodgar akaijaribu huku akijua. Haikuingia. Bisibisi ya mkono alikuwa ameiacha Ng'ambo, kwa dharau. Mzee mmoja akaleta nyundo na misumari kwa nia njema, na Flavia alipoiona akageuza uso.

Leodgar akachomoa biti, ile ncha ya kukazia skrubu, kwenye mashine, akaibana kwa plaizi ya dereva wa pikapu, akapiga magoti. Mninga ni mgumu. Alizungusha kidogo, akashika upya, akazungusha tena. Wimbo ukaisha, wakaurudia, nao ukaisha. Watu wakabaki wakitazama mgongo wake. Jasho likadondoka juu ya kifuniko, akalifuta kwa kiwiko. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Baada ya mazishi Flavia aliwafuata pale kwenye pikapu.

"Kaka Leodgar, nilikuwa naogopa ule mlio wa mashine," alisema. "Nilishindwa kukwambia, nikaona utaudhika. Kumbe umeelewa mwenyewe. Umeiweka kando, ukamfunga mama taratibu, kwa mkono. Mungu akubariki."

Leodgar alimtazama Justus. Justus alikuwa anafunga kamba ya mzigo ambayo ilikwisha fungwa. Ukweli ulikuwa maneno mawili matatu tu.

"Ni wajibu wetu, dada," akasema.

Flavia akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akawaita shangazi zake nao waje wamshukuru.